Vitovu vya Bubujiko

Nchi niliyoingia mwaka ule wa mvua haba inaitwa Jamhuri ya Tulieni. Msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ni mali ya kampuni iliyoichapa, na kuitazama bila kibali ni wizi wa macho. Mimi nilikuwa napita tu. Maisha yangu yote napita tu: darasa la pili nililisoma nchi moja, la nne nchi nyingine, la tatu sikulikuta popote, ndiyo maana mpaka leo kugawanya kunanishinda. Nilikusudia kulala siku tatu katika mji wa Bubujiko, nishonewe kiatu, nioge, niendelee.

Nilikuta mji mzima umepanga mistari kiwanjani, juani, kimya. Nikamwuliza fundi baiskeli mmoja aliyekuwa mwishoni mwa mstari kama kuna msiba.

"Kuna uchaguzi," akanijibu. "Lakini hujakosea sana, mzee. Shikamoo."

Jina lake Lugendo, mwembamba kama spoku, na mdomo wake ndio uliokula mwili. Ndiye aliyenieleza mambo. Bubujiko wana chemchemi moja inayotoka mwambani, haijawahi kukauka hata mwaka wa njaa. Kampuni ya Neema Tele, inayouza maji ya chupa, iliiomba serikali ipewe chemchemi hiyo kwa miaka tisini na tisa. Sasa, serikali ya Tulieni ni ya kidemokrasia mno. Haigawi mali ya watu bila kwanza kuwauliza watu. Anayekubali asimame nyuma ya chupa, anayekataa asimame nyuma ya mtungi.

Nyuma ya mtungi walisimama watu mia sita. Nyuma ya chupa hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na viti.

Viti vya plastiki, vyeupe, mia nne na kumi na viwili. Kila kimoja kimevishwa fulana ya kampuni, na mstari wao umenyooka kuliko mstari wowote wa binadamu niliowahi kuuona.

"Mahakama imeamua kampuni ni mwananchi," alisema Lugendo. "Na matawi yake ni watoto wake. Kila duka lake, kila friji lenye nembo yake, ni raia mwenye kura. Friji ni zito kulibeba mpaka hapa, kwa hiyo linawakilishwa na kiti."

"Na nyinyi mko wengi kuliko viti."

"Tuko wengi sasa hivi. Mheshimiwa bado hajafika."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kwa taratibu za Tulieni, kura haihesabiki mpaka msimamizi afike, na aliyetoka mstarini kabla hajafika hakuwahi kuwepo. Msimamizi alikuwa Mheshimiwa Ndimbo, Mkuu wa Wilaya. Alitangaza atafika saa mbili asubuhi. Saa nne hayupo. Saa sita jua likawa limekaa utosini. Mama mmoja akaenda kunyonyesha. Wawili wakaenda kukojoa, na njia ya chooni ikapitia uani kwa kampuni, na geti likafungwa nyuma yao. Viti havikunyonyesha wala kukojoa. Saa nane bwana mmoja wa makamo, Kazumari, magoti yalimwishia nguvu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatoka mstarini, akakaa.

"Kazumari!" Sauti ilitoka mbele kabisa, kwenye mtungi. "Nilikutoa mimi tumboni mwa mama yako, miguu mbele, siku nzima nakuvuta! Leo unakalia chupa?"

"Shangazi, magoti."

"Magoti hayohayo ndiyo niliyoyavuta! Simama!"

Huyo alikuwa Bi Siwatu, mkunga, mwenye miaka sabini na kitu. Kila mtu mjini aliye chini ya miaka hamsini ametua mikononi mwake kabla ya kutua mahali pengine. Kazumari aliinuka, akasimama kidogo, akakaa tena. Akafuatwa na wa pili, na wa tatu, mpaka wakafika mia na ishirini. Kiti kitupu mbele ya mtu aliyechoka ni hotuba nzuri kuliko ya mwanasiasa yeyote.

Mheshimiwa Ndimbo alifika saa kumi jioni, akaomba radhi kwa niaba ya barabara. Alihesabu viti, kisha akahesabu na waliovikalia, akajumlisha.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo demokrasia imekaa. Ndiyo, imekaa kitako! Nimeona viti vikisimama tangu alfajiri bila kudai chai, bila kudai kivuli, bila kupiga kelele. Hawa ndio raia tunaowataka. Wazazi, igeni mfano wa viti!"

Chupa ikashinda.

* * *

Kiatu changu nilikuwa nimempa Lugendo, anayeshona na viatu, ambaye kwa hasira alikuwa hashoni wala hazibi pancha. Nikabaki. Sheria ya Tulieni inatoa siku tisini za kupinga matokeo, kwa imani kwamba hakuna mtu atakayeijua. Bi Siwatu aliijua. Aliita mkutano uani kwake, wakajiita Wenye Mtungi. Walikuja watu arobaini hivi, na mimi nikakaa pembeni nikimenya karanga zao.

Binti yake, Zamda, alikuwa na mimba ya miezi sita, amejilaza kwenye mkeka na miguu imevimba.

"Mtoto wa Bubujiko akizaliwa," alisema Bi Siwatu, "maji ya kwanza kumgusa ni ya chemchemi. Nyinyi nyote hapa nimewaogesha kwa maji hayo. Mjukuu wangu nimwogeshe kwa nini? Nimkaribishe duniani kwa kumfungulia kifuniko?"

"Tuandike barua," alisema mmoja.

"Tumeandika tisa," alisema Lugendo. "Posta ni tawi la kampuni. Barua zetu zimepiga kura."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Bi Siwatu hakucheka. Alikuwa anamtazama Zamda tumboni.

"Hebu niambieni," alisema polepole. "Kile kiti, kitovu chake kiko wapi?"

Kama hamjui, basi desturi ya kule ni hii. Kitovu cha mtoto kikidondoka, siku ya sita au ya saba, mkunga anakifunga kwenye kitambaa na kwenda kukizika chini ya mgomba. Basi hapo ndipo kwenu. Ukienda ukarudi, ukigombana na ndugu, ukinyang'anywa kila kitu, hakuna wa kukuambia si mwenyeji, maana kitovu chako kiko pale. Changu mimi mama alikiachia njiani, safarini, na kijiji chenyewe alikisahau.

"Raia ni mwenye kitovu!" Lugendo aliruka. "Bibi, umewamaliza!"

Nilipiga makofi na mimi. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba nilipiga makofi.

* * *

Maandamano ya vitovu yalifanyika Jumatatu. Wanaume walifungua vifungo vya mashati. Wanawake, kwa heshima zao, walijichora kitovu kwa mkaa juu ya kanga. Kazumari, ambaye kitovu chake kimechomoza kama ngumi ya mtoto, aliwekwa mbele, na hapo akasamehewa dhambi ya kiti.

Polisi waliwasimamisha darajani. Mheshimiwa Ndimbo alishuka garini na kitabu cha taratibu.

"Mna kibali cha kuonyesha viungo?"

"Mheshimiwa," alisema Bi Siwatu, "wewe cha kwako nilikifunga mimi kwa uzi mweusi, maana mweupe ulikuwa umeisha. Nikuonyeshe kwa kibali gani?"

Polisi mmoja aliangua kicheko, akasimamishwa kazi palepale. Mheshimiwa alifunga koti. Maandamano yakapita.

Mahakamani mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kutisha. Jaji alikiita kiti kitoe ushahidi. Kiti kililetwa, kikavuliwa fulana, kikageuzwa huku na huku. Jaji alikipapasa.

"Hakina," alisema, akaandika hukumu kabla ya chakula cha mchana: kuanzia leo, mwananchi ni yule tu ambaye kitovu chake kimezikwa katika udongo wa Jamhuri, na uchaguzi wa Bubujiko urudiwe baada ya miezi miwili.

Mji ulicheza siku tatu. Lugendo alikikata kile kiti miguu kwa msumeno, akakifanya beseni la kuku. Mimi nimetembea nchi nyingi, na ningeliwaambia kwamba katika nchi kama ile mlango ukifunguka kabla hujausukuma, uulize nani ameushika kwa ndani. Lakini nilikuwa nacheza.

* * *

Wiki ya pili Neema Tele ilianza kuzika vitovu vyake.

Wakili wa kampuni alikuwa Bwana Pesambili, kijana wa hapohapo mjini, mwenye viatu visivyoshika vumbi. Alieleza kwa upole. Tawi la kampuni linapozaliwa, mgeni rasmi hukata utepe. Kabla ya kukatwa utepe, tawi halipumui. Baada ya kukatwa, linaanza kuuza. Je, hicho si kitovu? Tepe mia nne na kumi na mbili zilipatikana kwenye makabati, nyekundu, bado zina pini. Alimwendea Bi Siwatu amwombe azizike.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Bibi, ni kazi ya siku moja."

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Mtoto ni friji, bibi."

"Analia?"

"Ananguruma."

Bi Siwatu alimfungia mlango. Waliletwa manesi wa kukodi kutoka makao makuu. Tepe zilizikwa kwa bendi ya matarumbeta, na Mheshimiwa Ndimbo alilia machozi juu ya utepe wa tawi la stendi, akisema linafanana na baba yake.

Wenye Mtungi hawakutishika. Walikuwa bado mia sita kwa mia nne na kumi na mbili, na safari hii walijiandaa. Walifanya mazoezi ya kusimama: kila jioni kwa muda wa saa mbili, kisha tatu, kisha nne, na mihogo mfukoni. Wanawake wenye watoto walipewa nafasi za mbele. Kazumari alifungwa vipande vya ubao magotini ili hata akitaka kukaa asiweze. Niliwaona wakisimama, mia sita, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilitamani niwe na mahali pa kusimama.

Zikabaki siku nne. Bwana Pesambili akaitisha kikao ukumbini, akafungua mkoba, akatoa karatasi moja.

* * *

Ilikuwa leseni ya zamani, ya mwaka ambao Neema Tele walichimba kisima cha majaribio. Waziri wa wakati ule alikuwa na haraka ya kwenda kuogelea, hakutaka kuandika neno "maji" peke yake ili asije akasumbuliwa tena. Aliandika: *kila kilicho chini ya ardhi katika wilaya ya Bubujiko, kiwe kinajulikana au hakijulikani, na faida zote zitokanazo nacho.*

"Sasa," alisema Bwana Pesambili, "haki ya kura, kwa hukumu mliyoishangilia wenyewe, inatokana na kitovu. Kitovu kiko wapi?"

 Hata mimi nisiyejua kugawanya nilikwisha kuelewa.

"Kimezikwa," alijijibu. "Chini ya ardhi. Tunachohitaji ni uthibitisho tu. Bibi Siwatu, wewe ndiye daftari letu. Vitovu vya watu hawa umevizika?"

Bi Siwatu alisimama akishikilia kiti cha mbele yake, kisha akakumbuka ni kiti, akakiachia.

"Sema hukuzika, bibi!" Lugendo alipiga kelele. "Sema ulivitupa mtoni!"

"Akisema hivyo," alisema Mheshimiwa Ndimbo kwa huruma kubwa, "hakuna raia hata mmoja hapa Bubujiko ila tepe. Nitalazimika kuwahesabu nyinyi kama wageni, na wageni tunawapeleka mpakani."

 Ukumbi wote ulimtazama Bi Siwatu. Wengine walikuwa wameshika matumbo bila kujua. Nikamwona Zamda mlangoni, amesimama kwa shida, tumbo limetangulia.

"Nimevizika," alisema Bi Siwatu. "Chini ya migomba ya juu ya chemchemi. Kimoja kimoja. Najua mpaka mgomba wa kila mtu."

"Ahsante sana, bibi."

"Sijamaliza. Wewe Pesambili mgomba wako ni wa tatu kutoka kwenye jiwe, uliza mama yako. Ndimbo wa kwako ulianguka mwaka wa upepo, nikapanda mwingine. Na yule jaji aliyepapasa kiti, naye nilimzalisha mama yake, alikuja hapa kumtembelea shangazi. Kama vitovu ni mali ya kampuni, basi na nyinyi ni mali ya kampuni. Semeni mbele ya watu!"

Ukumbi ulilipuka. Lugendo alipanda juu ya benchi. Nilidhani tumewashika.

Bwana Pesambili hakukasirika. Alimtazama mkunga wake kwa mapenzi ya kweli, kama mtu anayemtazama bibi aliyeuliza jambo la kitoto.

"Bibi yangu," alisema, "sisi tulijisalimisha wenyewe zamani. Tulikuwa tunawasubiri nyinyi tu."

* * *

Siku ya uchaguzi hakuna aliyeitwa kiwanjani. Kampuni ilipima ikaona ni usumbufu kuleta viti mia nne kwa kura ambazo zote ni zake. Ilileta kimoja. Kiliwekwa nyuma ya chupa, kikapiga kura kwa niaba ya wilaya nzima, wazee kwa vijana, na matokeo yakawa asilimia mia moja, ambayo Mheshimiwa Ndimbo aliiita ukomavu wa kisiasa. Safari hii hakuchelewa hata dakika moja.

Chemchemi ilizungushiwa uzio Jumatano. Zamda alijifungua Ijumaa.

Mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Bi Siwatu alimwogesha kwa maji ya chupa. Alifungua kifuniko kwa meno, maana mikono ilikuwa imemshika mtoto, na alipomaliza akaiosha ile chupa na kuiweka dirishani, sijui kwa nini.

Siku ya sita kitovu kilidondoka. Bi Siwatu aliniita uani, akanipa kitambaa kilichofungwa fundo dogo kama punje ya hindi.

"Mzee," aliniambia, "mji mzima huu, wewe peke yako huna kitu chini ya ardhi yao. Huwezi kushikwa kwa chochote. Nakuomba ukakizike."

"Wapi, dada? Wilaya nzima ni yao."

Lugendo ndiye aliyejua. Alikuwa amekesha na nakala ya leseni. Leseni ilikuwa na mchoro, na mchoro ulikuwa na kosa. Mpimaji, alipofika mpakani, aliishia kwenye kizuizi cha barabara, kwa sababu hapo pana kibanda cha chai. Jamhuri yenyewe haiishii hapo. Inaishia mbele zaidi, kwenye jiwe jeupe. Katikati pana hatua arobaini za udongo, ni nchi ya Tulieni na si mali ya mtu.

"Akizikwa kitovu hapo," alisema Lugendo, "huyu mtoto ndiye raia pekee wa nchi hii mwenye kura yake."

Nilikitia kile kitambaa kwenye kikopo changu cha ugoro. Kiatu nilipewa kimeshonwa upande mmoja. Nikaondoka.

Kizuizini afisa alinigongea muhuri wa kutoka, akanusa hewa.

"Mzee, nionjeshe ugoro."

"Huu ni wa dawa, mwanangu. Utakuendesha."

Akaniacha. Nikaenda hatua ishirini, nikachimba kwa kijiko, nikazika. Sikujua maneno yanayosemwa, nikasema jina la mtoto na la mama yake na la bibi yake. Nikapanda na kichipukizi cha mgomba nilichobeba begani. Kisha nikaendelea mpaka kwenye jiwe jeupe, na askari wa nchi ya pili akanirudisha, kwa kuwa karatasi zangu zinasema nimezaliwa njiani, na njiani hakuna ubalozi. Nikarudi kizuizini. Afisa akaniambia nimeshatoka, aliyetoka hawezi kuwa anarudi bila kibali cha kuingia, na kibali hutolewa ndani.

Kwa hiyo niko hapa. Ni mwezi wa nne sasa.

Wiki ya kwanza nilitukana sana. Mimi ni mtu wa kwenda, miguu inaniwasha nikilala mahali pamoja mara tatu. Lakini wiki ya pili walikuja wapimaji wa Neema Tele na kamba, kusahihisha kosa la chai. Nikaona wanasimama mbali, wananong'ona. Taratibu za Tulieni, Mungu azibariki, hazikubali ardhi ipimwe ikiwa juu yake kuna mtu ameketi. Sharti aondoke kwa hiari yake. Nikahamia palepale kando ya kile kichipukizi, nikaketi chini, juu ya kitovu.

Lugendo huja na baiskeli mpaka kizuizini, hunirushia chakula anachopika Bi Siwatu, na maji. Maji ni ya chupa, hakuna mengine. Mwezi jana walikuja pamoja naye wanawake wanne, kila mmoja na fundo kwenye pindo la kanga, wakanirushia na hayo. Nimeyazika. Sasa nimekalia vitano. Mgomba umetoa jani la pili.

Wapimaji hawanisukumi. Ni watu wa adabu. Kila asubuhi wanakuja na Bwana Pesambili, ananiamkia, ananiuliza hali ya mgongo. Jana wameniletea zawadi, wameiweka karibu kabisa na mkono wangu wa kulia, kisha wakaenda kibandani kunywa chai na kunitazama.

Ni kiti. Cheupe, cha plastiki, kimevaa fulana; nikikikalia, sijaketi tena juu ya ardhi. Jua ni kali, magoti yangu yana miaka mingi kuliko ya Kazumari, na huku hakuna Bi Siwatu wa kunipigia kelele.

Hii ni saa nane. Nimekaa chini.